Maswali Yenu: Asiyeona Anafuata Nini Mlimani?

Toleo lililopita niliandika juu ya viatu vya safari, na katikati ya maelezo nikataja kwa kupita tu kwamba mimi sioni kabisa, na kwamba burudani yangu ni kupanda milima, kukwea miamba kwa kamba na kupiga kafi kwenye mito yenye kasi. Viatu vikasahaulika papo hapo. Barua zote zilizokuja ni za macho. Kuna za wenzangu wasioona, kuna za ndugu zao, na kuna ya bwana mmoja anayenisihi nitulie nyumbani nisije nikawapa watu kazi ya kunitafuta. Huyo namshukuru kwa huruma yake, ila sina la kumjibu. Wengine nimewafupishia maswali yao.

*Dada, naomba usikasirike. Mimi naona, na nimepanda milima kadhaa. Kinachonitoa kwenye hema saa nane za usiku ni mandhari. Wewe ukifika kileleni huoni kitu. Unapata nini ambacho mashine ya kukimbilia ya ukumbi wa mazoezi haikupi?*
— Mpenda Vilele

Sijakasirika, kaka. Afadhali wewe umeniuliza mwenyewe. Wengi humuuliza mwongozaji wangu, nami nimesimama hapohapo: "Huyu naye anafaidi nini?"

Tuanze na hayo mandhari. Siku nzima ya kupanda, mnatazama nini? Nimewauliza ninaopanda nao na jibu huwa lilelile: visigino vya aliyetangulia. Mkifika juu mnapiga picha, baridi inawafukuza, mnageuza. Ukungu ukitanda, hata picha hakuna. Zile saa nyingine zote za kwenda na kurudi ndizo mlima wenyewe, na hizo tunagawana sawa.

Sasa nikwambie ninachopata. Ndani ya msitu ardhi ni laini, ncha ya fimbo inazama, hewa ina unyevu unaotua kwenye nyusi, na sauti zote ziko karibu. Halafu, kwa hatua chache tu, msitu unakoma. Upepo unanipata shavu moja, jua shavu la pili, na sauti ya anayeongea mbele yangu inasinyaa kwa sababu hakuna tena miti ya kuirudisha. Kwenye ukingo mwembamba nasikia pande mbili zisizofanana: upande wa jabali, mgongo wa fimbo ukigonga jiwe mlio unarudi mara moja, upande wa bonde haurudi kamwe. Najua bonde ni refu kabla hajaniambia mtu. Na kileleni hakuna kinachorudi kutoka upande wowote. Nimejaribu kumweleza rafiki yangu anayeona jinsi ukimya ule ulivyo mpana, akaniambia ndivyo anavyojisikia akitazama.

Mguso ndio usiseme. Granite, lile jiwe gumu la chembechembe, inakwaruza; ikwee tangu asubuhi, ikifika mchana ncha za vidole zinawaka moto. Jiwe la chokaa ni baridi, lina vishimo ambamo kidole kimoja au viwili vinaingia barabara, na pale walipopita wakweaji wengi limesuguliwa mpaka linateleza. Changarawe za volkano zinakunyang'anya nusu ya kila hatua unayopiga, na ukizishika kiganjani unashangaa wepesi wake na vile vitundu vyake. Mashine ya ukumbini inakupa hatua ileile saa nzima. Mlimani sijawahi kupata hatua mbili zinazofanana.

Kuna na jambo jingine ambalo anayeona huenda asilifikirie. Mjini watu hunishika mkono bila kuniuliza, hunivusha barabara nisizotaka kuvuka, na humuuliza niliyefuatana naye kama mimi nitapenda kukaa. Kwenye kundi la mlimani nina zamu. Mzigo wangu nabeba mimi, fundo langu nafunga mimi, na hema nasimamisha mimi, kwa sababu giza likiingia wao wanahangaika na tochi na mimi nimeshapigilia vigingi vyote. Hilo ndilo ninalolifuata, kuliko hata kilele. Ndiyo maana nina ukali kidogo na zile safari ambazo asiyeona anapandishwa ameshikwa kulia na kushoto, hajui njia ilipindia wapi, hata maji yake ya kunywa yamebebwa na mwingine. Kufika amefika. Lakini aliyepanda ni nani?

Wala si jambo la jana. Mwaka 1969 vijana saba wasioona kutoka Kenya, Uganda na Tanzania walipanda Kilimanjaro. Tarehe 25 Mei 2001 Erik Weihenmayer wa Marekani alisimama juu ya Everest, wa kwanza asiyeona kufanya hivyo, akifuata mlio wa kengele ya aliyekuwa mbele yake. Andy Holzer wa Austria alifika kilele hichohicho mwaka 2017 akipitia upande wa kaskazini, Zhang Hong wa China akafuata mwaka 2021, na Mei 2025 ikawa zamu ya mwanamke, Chhonzin Angmo wa India. Sidhani kama kuna hata mmoja kati yao aliyefuata picha.

*Dada, salaam. Nina ugonjwa wa kurithi wa retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Ujanani nilipanda sana milima. Sasa nimebakiwa na duara dogo la kuonea katikati, na jioni ikiingia sioni kabisa. Nataka kurudi. Nianzie wapi?*
— Mwalimu Mstaafu

Shikamoo, Mwalimu. Anzia kwenye vifundo vya miguu. Anayeona huweka mguu mahali alipokwisha kupachagua. Sisi tunauweka halafu ndipo tunapajua. Kwa hiyo kifundo kinapinda mara nyingi mno kwa siku, na kisipokuwa na nguvu kitakurudisha nyumbani kabla ya mapafu. Simama kwa mguu mmoja, fumba macho, hesabu taratibu, badilisha. Shuka ngazi nyingi, kwa sababu kupanda kunachosha lakini kushuka ndiko kunakovunja: uzito wote unakwenda mbele, mahali ambapo hujui pana nini. Viatu viwe vya shingo ndefu.

Fimbo nyeupe iache ndani ya begi. Ni nyembamba, inanasa kati ya mawe. Chukua fimbo mbili za mlimani. Moja inatangulia kutafuta, nyingine inabeba uzito, na usihamishe uzito mpaka ile ya kwanza imejibu. Vaa kofia yenye ukingo mgumu, itaguswa na tawi kabla ya paji la uso, na miwani ya kinga hata kama unaona macho yako hayana tena kazi. Tawi halijui hilo.

Kuhusu hilo duara lililobaki: litakusaidia na litakudanganya. Kivuli cha jiwe utakiona shimo. Ukitoka juani kuingia kivulini utakuwa gizani kwa muda, na hapo ndipo wengi wenye uoni hafifu wanapojikwaa. Nimepanda na watu wa hali yako waliochoka kuliko mimi, kwa sababu siku nzima walikuwa wanabishana na macho yao. Shauri langu ni kwamba ujifunze kutembea umefumba macho kabisa, mchana, mahali rahisi, ukiwa na mtu. Siku giza litakapokukuta njiani, litakuwa kitu unachokifahamu.

Na ujue kwamba kichwa kitachoka kabla ya miguu. Kusikiliza kila hatua ni kazi. Geuza ukiwa bado na akili timamu ya kushukia, hata kama kilele kiko karibu.

*Shikamoo dada. Mjomba wangu haoni. Amenitaka nimwongoze kwenye safari ya siku tatu milimani, na nimeshakubali. Sasa nina hofu nitamwangusha. Nimshike wapi, na nimwambie nini njiani?*
— Mpwa

Marahaba, mwanangu. Hapa nitakaa kidogo, maana barua kama yako ni nyingi na mwongozaji mbaya nimeshakutana naye.

Kwanza, usimshike. Yeye ndiye akushike. Ukimshika mkono unamsukuma, na mwili wake unakosa nafasi ya kujitafutia mizani. Njia ikiwa pana na tambarare, funga njuga kwenye begi lako, utangulie hatua mbili tatu, mwache afuate mlio kwa fimbo zake. Njia ikiwa na mawe, ashike mkanda ulioning'inizwa nyuma ya begi lako: ukipanda atasikia mkanda unapanda, ukipinda atasikia unapinda, na nusu ya maneno hutahitaji kuyasema. Pale penye njia ndefu na nyembamba kuna wanaotumia fito jepesi, refu kuliko mtu. Mmoja anashika mbele, asiyeona katikati, mwingine nyuma, wote upande mmoja wa mwili. Fito halichelewi wala halikosei kushoto na kulia.

Pili, maneno. Yawe machache, yawahi, na vipimo viwe vya mwili wake. "Jiwe, goti." "Mzizi, kifundo." "Shuka, nusu hatua." Sentimita hazina maana mtu akiwa anatembea, goti lake analo. Usimwambie "hapa" wala "pale", na ukipiga kelele "angalia!" utakuwa umemtisha bila kumpa habari yoyote. Neno "simama" liwekeni la hatari tu. Likitoka, anaganda na mguu ukiwa hewani, hata kama hajui kwa nini. Ukilitumia kwa kumwambia asubiri ufunge kamba ya kiatu, siku ya kweli halitafanya kazi.

Upande wa hatari utajwe kabla ya kufika: "Bonde kulia, hatua kama ishirini." Na zikiisha, mwambie zimeisha. Hili husahauliwa sana. Mwongozaji anatangaza hatari kwa sauti kubwa, wakishavuka anahamia kwenye mazungumzo mengine, na asiyeona anaendelea kutembea amekaza mwili dakika kumi zaidi bila sababu. Kubalianeni pia kwamba ukimya wako maana yake njia ni safi, ili usilazimike kutangaza kila kokoto kama mtangazaji wa mpira. Akitaka habari za maua na mawingu, mpe mkiwa mmepumzika.

Upepo kwetu ni mbaya kuliko giza kwenu. Ukivuma, njuga hazisikiki, sauti yako inapeperushwa, na kila kitu kinakuwa upepo. Mto wenye maporomoko hufanya vivyo hivyo, na theluji mpya humeza mlio. Kabla ya kufika mahali kama hapo, simameni, pangeni ishara za mguso: kuvuta mkanda mara moja ni kusimama, mara mbili ni kwenda. Penye kukanyagia kwa shida, gonga jiwe lenyewe kwa fimbo yako ili asikie mguu uende wapi.

Mkikuta kijito chenye mawe ya kurukia, usimrushe. Kama maji hayazidi magoti na hayana kasi, pitieni ndani ya maji, mkiangalia yanakotoka, fimbo zikitangulia. Kulowa si msiba.

Ataanguka. Nakwambia mapema ili usije ukajilaumu. Akianguka, simama, muulize kama yuko sawa, mwache ainuke. Usimkwapue. Akiwa chini anajipapasa kujua amekaaje juu ya ardhi, na ukimwinua ghafla unampotezea hesabu hiyo.

Mwisho, tafuta mtu wa pili wa kupokezana. Kuangalia njia kwa ajili ya miguu minne kunachosha, na aliyechoka huanza kuruka mawe madogo katika kutaja. Mimi hupenda mwongozaji abadilike kila baada ya saa moja hivi, hata kama anadai bado ana nguvu. Na kabla hamjaondoka, jifunge kitambaa machoni, umwombe mjomba wako akuongoze wewe mahali anapopajua. Utarudi na adabu mpya.

*Hujambo dada. Nimeanza kukwea ukuta wa ndani. Sioni tangu kuzaliwa. Mkufunzi wangu ni mwema, ananifunga kamba yeye, anakagua yeye, mimi napanda tu. Je, wasioona wanaweza kwenda mbali katika mchezo huu, au ni wa kujifurahisha?*
— Vidole Vyepesi

Sijambo, mdogo wangu. Kabla ya kwenda mbali, shika hilo fundo. Hakuna sababu hata moja ya macho kulifahamu kuliko vidole vyako.

Ni fundo la nane lililofuatishwa, yaani lenye umbo la tarakimu 8, ambalo ncha ya kamba hulifuata tena kurudi njia ileile. Kamba inapita kwenye vitanzi viwili vya mkanda wako wa kukwelea, cha chini kinachounganisha miguu na cha juu cha kiunoni. Vyote viwili, papasa uhakikishe. Kisha lishike fundo kwa kidole gumba na cha shahada, ulizungushe taratibu. Utakuta nyuzi zimelala mbilimbili, sambamba, jozi tano. Jozi zikiwa nne, au uzi mmoja ukipanda juu ya mwenzake mahali pasipostahili, fungua uanze upya. Vuta kila uzi ukaze. Mkia uliobaki uwe kama shubiri. Ukimaliza hapo mkague anayekushikia kamba: bana karabina yake, ile pete ya chuma yenye lango; lango likicheza, halijafungwa. Vuta kamba kwa nguvu usikie kifaa chake kinaikamata. Hiyo ndiyo zamu yako katika timu, na mkufunzi mwema atafurahi ukiidai. Akikagua na yeye baada yako, mshukuru, maana wanaoona nao hukaguana.

Kuhusu kuelekezwa, wengi hutumia uso wa saa: kichwa chako ni kumi na mbili, mkono wa kulia ulionyooka ni tatu. Anaita "mbili, karibu, kishimo," nawe unajua uende juu kidogo kulia, mkono ukiwa umekunjwa, na utakachokishika kikoje. Mkubaliane kwanza kama mnataja namba iliyoandikwa au saa tunayoisema midomoni, la sivyo utaambiwa nane ukapapase chini kushoto bure. Kama uso wa saa haukukai akilini, kwa kuwa hukuwahi kuuona, tumieni "juu, nje, bega" na maneno yenu. Mimi binafsi miguu ndiyo iliyonichelewesha, si mikono. Mkono unatafuta, mguu haupapasi vizuri ndani ya kiatu. Jizoeze kukumbuka: mahali ulipokuwa umeshika kwa mkono sasa hivi ndipo goti, halafu mguu, vitakapokuwa baadaye.

Na mbali panafikika. Mashindano ya dunia ya kukwea kwa watu wenye ulemavu yapo tangu 2011, na wasioona wana makundi matatu, B1 hadi B3, kulingana na kiasi cha uoni. B1, ambao hawaoni kabisa au karibu kabisa, wote hufungwa macho ili asiwepo mwenye kuiba mwanga. Koichiro Kobayashi wa Japani amekuwa bingwa wa dunia wa kundi hilo zaidi ya mara moja. Mchezo huu unaingia Paralimpiki kwa mara ya kwanza Los Angeles mwaka 2028. Nje ya mashindano, mwaka 2019 Jesse Dufton wa Uingereza alikwea Old Man of Hoy, mnara wa mwamba wa mita 137 unaosimama baharini Scotland. Na alitangulia yeye, akipachika vifaa vya kushikilia kamba kwenye nyufa kwa kupapasa, huku mwenzi wake akimwelekeza kwa redio. Kutangulia maana yake ukianguka unashuka hadi chini ya kifaa cha mwisho ulichokipachika mwenyewe. Mimi sijafika huko na sina haraka.

*Dada, nina glakoma, yaani presha ya macho, na jicho langu moja limefanyiwa upasuaji wa retina hivi karibuni. Rafiki zangu wanapanga mlima mrefu. Je, niende?*
— Msomaji

Bado, mpaka daktari wa macho aliyekupasua akwambie kwa kinywa chake. Baada ya upasuaji wa retina mara nyingi huachwa gesi ndani ya jicho ili iibane retina mahali pake. Ukipanda juu, hewa ya nje inapungua kani, gesi ile inatanuka, na jicho halina pa kutanukia. Linaweza kuharibika moja kwa moja. Gesi huchukua wiki kadhaa kuisha, nyingine hata miezi miwili, na kwa sababu hiyohiyo ndege nayo imekatazwa. Muulize gesi gani aliyotumia na itaisha lini.

La glakoma: wapandaji wengi hunywa acetazolamide kuzuia ugonjwa wa mwinuko, ule unaowapata watu kwa hewa nyepesi ya juu, na dawa hiyo ni ya presha ya macho vilevile, kwa hiyo huenda unaitumia tayari. Usiongeze dozi kwa kusikia kambini. Nayo huleta ganzi na michomo kwenye ncha za vidole. Anayeona hulalamika kidogo, basi. Mimi ninayesoma nukta nundu na kufunga mafundo kwa vidole hivyohivyo huijaribu kwanza nikiwa nyumbani. Mwisho, juu ya mita 5,000 hata macho mazima huweza kuvuja damu kidogo kwenye retina bila mtu kujua. Kama una uoni kidogo unaoutegemea, hilo lifikirie. Kujirusha kichwa chini kwa kamba ya mpira kutoka darajani mimi ningekusahaulisha kabisa.

*Binti yangu ana miaka kumi na sita, haoni, na ameng'ang'ania kuruka kwa paraglaidi, ule mwavuli wa kupaa kutoka mlimani. Baba yake amekataa. Mimi niko katikati.*
— Mama Aliye Katikati

Mama, huo ni mmoja wa michezo michache ambayo asiyeona hahitaji kubadilishiwa karibu chochote. Abiria anafungwa mbele ya rubani, kwa hiyo maelekezo yanamjia sikioni kutoka nyuma. Kazi yake ni moja: kukimbia. Mwavuli ukishainuka anakimbia kushuka mteremko na haachi mpaka miguu inakimbia hewani. Wanaoona ndio husita wakiona ukingo unakaribia, wakakaa chini mapema. Binti yako hatakuwa na shida hiyo. Akaufanyie mazoezi mteremko wenyewe kwa miguu kwanza, na rubani amweleze mapema lini ainue miguu ya kutua.

Mwombeni rubani awashe sauti ya kipimo chake cha kupanda na kushuka. Hicho kifaa hulia mfululizo, tena upesi zaidi, hewa ya joto inapowanyanyua, na kikaguna kwa sauti nzito wanaposhuka. Akiwa huko juu atajua mwavuli unafanya nini sekunde ileile anayojua rubani. Cheti cha rubani cha kuruka na abiria mkikague ninyi, na baba yake aende akamuulize maswali yote. Akikataa baada ya hapo, angalau atakuwa anakataa kitu anachokijua.

*Dada, kampuni ya safari imenikataa. Wanasema bima hairuhusu wasioona. Nifanye nini?*
— Niliyeachwa

Waombe wakuandikie, na wakunukulie kifungu cha bima chenyewe. Mara nyingi kifungu hakipo, na "bima" ni jina la woga wa mtu mmoja ofisini. Kisha waandikie mpango wako: umetembea wapi, kwa saa ngapi, unakuja na waongozaji wangapi, mtawasiliana vipi kwenye upepo, ni lini utageuza. Mtu anayekataa akiulizwa "hamchukui vipofu?" huwa na shida kukataa karatasi kama hiyo.

Lakini ikiwa wamesoma mpango wakakujibu kwamba njia ile ina sehemu yenye mawe yanayoporomoka ambapo kila mtu lazima akimbie, hilo ni jibu la kweli, ndugu yangu. Hapo uliza njia nyingine.

*Swali la aibu, dada. Usiku kambini, wenzako wamelala, unaendaje chooni?*
— Asiyetaka Jina

Hakuna aibu, na nilikuwa nashangaa hakuna aliyeuliza. Hema langu naomba liwe la mwisho kwenye mstari, upande wa choo. Kabla ya giza nafunga kamba nyembamba kwenye kigingi cha mlango wangu na kuipeleka mpaka chooni, usawa wa kiuno, nikiifunga kwenye mti au kwenye fimbo zilizosimikwa. Mahali pa kupinda au penye jiwe napiga fundo, ili mkono ujue kabla ya mguu. Mwisho wa kamba naweka mafundo mawili karibukaribu, maana yake simama, umefika. Naitembea mara mbili nikiwa bado na wenzangu macho, na nawaambia wote ilipo kamba, kwa sababu wao ndio watakaojikwaa nayo.

Ukiwa unatumia ile dawa ya mwinuko niliyoitaja, itembee mara tatu. Inakojosha.